Beauvais: kanisa kuu lililoanguka mara mbili

Kwa Waswahili wengi walioko Ulaya, Beauvais ni uwanja wa ndege tu. Ndege za bei ya chini humshusha hapo msafiri aliyekata tiketi ya Paris, naye akishatoka nje ndipo anapong'amua kwamba Paris yenyewe iko kilomita zipatazo 80 kusini na bado anadaiwa nauli ya basi. Wachache huingia mjini. Wanaoingia hukutana na jengo la ajabu: Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, ambalo dari lake la mawe liko juu kuliko dari la kanisa lolote la mtindo wa Gothiki (ule wa ujenzi wa Ulaya wa zama za kati) duniani, na ambalo nusu yake ya magharibi haipo. Nusu hiyo haikubomolewa. Haikupata kujengwa.

Kisa chake husimuliwa kwa mkato. Maaskofu walijikweza, wakajenga juu kupita kiasi, jengo likawaangukia. Simulizi hiyo inafaa mimbarini, lakini inachanganya ajali mbili zilizopishana kwa karibu miaka 290. Ya kwanza, ya mwaka 1284, iliwafika watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye mpaka wa ujuzi wa zama zao. Ya pili, ya mwaka 1573, iliwafika watu waliokwisha kuonywa na mafundi kuhusu kasoro ya jengo lao na namna ya kuirekebisha. Kuzitia zote mbili katika kapu moja ni kuwaonea wale wa kwanza na kuwasamehe bure hawa wa pili.

Askofu aliyekuwa pia mtawala

Mwaka 1225 moto uliunguza kanisa kuu la zamani la Beauvais. Askofu wakati huo alikuwa Milon de Nanteuil, na cheo chake hakikuishia altareni. Askofu wa Beauvais alikuwa pia mtawala wa mji na eneo lake, mmoja wa wakuu waliohesabiwa kuwa nguzo za taji la Ufaransa. Milon mwenyewe alikuwa amekwenda vitani Misri na kutekwa huko Damietta mwaka 1219. Mtu wa namna hiyo hakuwa na haja ya kuambiwa na mtu kwamba kanisa ni alama ya madaraka.

Alitenga sehemu ya kumi ya mapato yake kwa miaka kumi ili kazi ianze. Majirani nao walikuwa kazini. Chartres ilikuwa ikijengwa upya baada ya moto wa 1194, dari lake likiwa kwenye mita 37 hivi. Reims ilianza 1211, ikafika mita 38. Amiens, safari isiyo ndefu kaskazini mwa Beauvais, ilianza 1220 na ikafika mita 42 na kitu. Notre-Dame ya Paris, iliyotangulia zote hizo, ilikuwa na mita 33. Katika vizazi viwili, basi, mafundi wa kaskazini mwa Ufaransa walikuwa wamepandisha dari kwa karibu mita kumi, na kila mara lilisimama. Tukumbuke hilo tunapowahukumu. Hawakuwa na hesabu za nguvu na mkazo kama tunazofundishwa leo. Walikuwa na uwiano, jiometri, na mifano ya majengo yaliyotangulia. Na mifano yote ilikuwa ikiwaambia kwamba inawezekana.

Fedha na siasa ndizo zilizowasumbua mapema. Miaka ya 1232 na 1233 ghasia zilizuka mjini, mfalme Louis IX akaingia na askari wake kuadhibu, na askofu akaona haki zake za utawala zimekanyagwa. Akafunga huduma za kanisa katika jimbo; upande wa mfalme ukashika mapato yake. Milon alifariki 1234, ugomvi haujaisha. Kazi iliendelea kwa vipindi chini ya waandamizi wake, na Stephen Murray, mwanahistoria wa usanifu aliyelichunguza jengo hili kwa muda mrefu kuliko wengi, anaona alama za awamu tofauti katika mawe yenyewe. Kwa maoni yake, mpango wa mwanzo haukuwa wa juu kiasi kile. Urefu wa ziada uliingia baadaye, wakati wa askofu Guillaume de Grez, mnamo katikati ya karne ya 13. Nguzo za chini zilikwisha kuwekwa zikiwa zimekusudiwa kubeba jengo fupi zaidi, kisha zikapewa mzigo mwingine.

Sehemu ya mashariki, yaani patakatifu pamoja na viti vya makanoni (mapadre wanaolisimamia kanisa kuu) na makanisa madogo saba yaliyoizunguka kwa nyuma, ilikamilika mwaka 1272. Dari lilikuwa kwenye mita 48 kutoka sakafuni. Jengo la ghorofa kumi na tano lingeweza kusimama humo ndani bila kugusa juu.

Miaka kumi na miwili

Mwezi Novemba 1284 sehemu ya dari hilo ilishuka. Mwisho wa mviringo nyuma ya altare ulibaki umesimama; kilichoanguka ni dari la sehemu iliyonyooka, pale nguzo zilipokuwa zimeachana zaidi.

Hapa ndipo penye utamu wa kisa, kwa sababu jengo lilikuwa limesimama miaka kumi na miwili. Mhandisi wa Cambridge, Jacques Heyman, aliyeandika sana juu ya majengo ya mawe, alikuwa na kanuni ya mzaha yenye ukweli mwingi ndani yake: jengo la mawe likisimama dakika tano baada ya kuondolewa fremu za mbao zilizolishikilia, litasimama miaka mia tano. Mawe hayachoki. Ukubwa wa mkazo ndani ya nguzo za kanisa kama hili ni mdogo mno ukilinganisha na nguvu ya jiwe. Linaloamua ni umbo, yaani kama njia ya uzito inapita ndani ya mawe kutoka juu hadi ardhini. Sasa, kama umbo lilikuwa bovu, lingeanguka siku ile ile. Kama lilikuwa zuri, kwa nini lianguke baada ya miaka kumi na miwili?

Kitu kimoja katika jengo la mawe kinabadilika polepole, nacho ni chokaa. Yeyote aliyewahi kuona chokaa ya matumbawe ikichomwa na kutumika pwani yetu anajua kwamba haikauki kama saruji. Inashika kwa kuvuta hewa, kutoka nje kuelekea ndani, na ukuta mnene unaweza kukaa miaka mingi kiini chake kingali laini. Muda wote huo uzito unaikandamiza na viungo vinasinyaa kidogo kidogo.

Eugène Viollet-le-Duc, aliyekarabati makanisa mengi ya Ufaransa karne ya 19, alijenga maelezo yake juu ya jambo hilo. Sehemu za juu za egemeo za Beauvais, yaani mihimili ya mawe ya nje inayozuia kuta zisitanuke, zilikuwa na vitu viwili vilivyobeba mzigo pamoja: ukuta uliopangwa kwa matofali mengi ya mawe yenye viungo vingi vya chokaa, na kando yake vinguzo vyembamba vya jiwe moja moja lililosimamishwa wima, visivyo na viungo vya kusinyaa. Ukuta uliposhuka, vinguzo havikushuka. Mzigo ukahama taratibu kutoka ukutani kwenda kwenye vinguzo, hadi vikavunjika. Vilipovunjika, jiwe la juu lililotegemea hapo likapinduka, matao ya nje yakakosa pa kusukumia, na dari likaachiwa lijitanue. Heyman aliyaona maelezo hayo kuwa na mashiko, kwa kuwa ndiyo yanayoeleza kuchelewa.

Robert Mark wa Princeton, pamoja na Maury Wolfe, walitazama kwingine miaka ya 1970. Walitengeneza mifano ya plastiki ya umbo la jengo, wakaipa mizigo, wakaisoma kwa mwanga unaoonyesha mkazo ulipojikusanya. Walichokiona ni upepo. Kadiri ukuta unavyopanda, ndivyo upepo unavyousukuma kwa nguvu zaidi, na Beauvais ilikuwa na nguzo ya kati, kati ya ukuta mkuu na egemeo la nje, ambayo haikusimama sawasawa juu ya nguzo ya chini yake. Ilitokeza nje kidogo na kukalia hewa ya ushoroba wa pembeni. Kila dhoruba ingefungua ufa mdogo upande mmoja wa nguzo hiyo. Dhoruba za miaka kumi na miwili, nyufa ambazo hakuna aliyeweza kuziona kutoka chini, na mwisho wake unajulikana.

Mimi nashawishika na maelezo haya mawili yakiwekwa pamoja kuliko moja peke yake, kwa sababu hayapingani: chokaa changa ndiyo inayofanya upepo uwe na madhara. Murray anaongeza kwamba nafasi kati ya nguzo zilikuwa pana mno, na mafundi wenyewe ni kama walikubaliana naye karne saba kabla hajazaliwa. Tazama walichofanya. Hawakulishusha dari. Hawakuongeza unene wa kuta. Walichomeka nguzo mpya katikati ya kila nafasi ya sehemu iliyonyooka, nafasi tatu zikawa sita, na dari lililokuwa na vipande vinne kwa kila nafasi likarudi likiwa na vipande sita. Mtindo huo wa vipande sita ulikuwa umeachwa zamani. Mafundi waliurudia kwa sababu uliendana na nguzo walizoongeza. Walisoma ajali yao vizuri. Kazi hiyo iliingia hadi karne ya 14, na dari walilolirudisha ndilo kiini cha linaloonekana leo, kwenye urefu ule ule.

Wafaransa wana msemo kwamba kanisa kamili lingekuwa na ukumbi (sehemu ya waumini) wa Amiens, patakatifu pa Beauvais, mlango wa Reims na mnara wa Chartres. Beauvais imepata nafasi katika orodha hiyo kwa sehemu iliyorekebishwa.

Kisha ikaja Vita ya Miaka Mia, ikaja tauni ya 1348, na kwa karne moja na nusu hakuna la maana lililojengwa. Askofu mmoja wa kipindi hicho anajulikana kuliko kanisa lake: Pierre Cauchon, aliyemhukumu Joan wa Arc mwaka 1431.

Mnara kabla ya ukumbi

Mwaka 1500 kazi ilianza tena. Makanoni walimwajiri Martin Chambiges, mmoja wa waashi wakuu waliosifika sana wakati huo, aliyekuwa na kazi pia Sens na Troyes. Alijenga mikono ya msalaba, yaani mabawa mawili yanayolipa kanisa umbo la msalaba, kaskazini na kusini, kwa Gothiki ile ya mwisho ambayo jiwe linachongwa kama kitambaa cha kutariziwa. Chambiges alifariki 1532, na mikono ikamalizika mwishoni mwa miaka ya 1540. Sasa kanisa lilikuwa na patakatifu na mikono miwili. Upande wa magharibi, mahali ambapo waumini wangesimama, palibaki kanisa la zamani la karne ya 10, dogo na la chini, ambalo moto haukulimaliza.

Hesabu ya kawaida ilikuwa kuendelea na ukumbi. Makanoni walichagua mnara.

Sababu hazisemwi waziwazi, lakini ukitazama miaka utaelewa joto lililokuwapo. Askofu wao, kardinali Odet de Coligny, alikuwa amejiunga na Waprotestanti. Papa alimtenga na Kanisa mwaka 1563, mwaka uliofuata akaoa, mwaka 1568 akakimbilia Uingereza, na amezikwa katika kanisa kuu la Canterbury. Ufaransa nzima ilikuwa imeingia katika vita vya kidini. Makanoni walioachwa na askofu wao mwenyewe walikuwa na jambo la kuthibitisha, na ukumbi haungeonekana kutoka mbali. Hiyo ni tafsiri yangu, lakini sioni nyingine inayoeleza kwa nini watu wasio na mahali pa kutosha pa kuweka waumini wao walipe mnara wa mita 153.

Fundi Jean Vast alisimamia ujenzi, mawe chini na mbao juu, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1560 hadi 1569. Mnara mkuu wa kanisa kuu la Lincoln, Uingereza, uliokuwa mrefu zaidi, ulikwisha kuanguka 1548, kwa hiyo ulipomalizika mnara wa Beauvais ndio ulikuwa jengo refu kuliko yote duniani, ukiushinda ule wa Stralsund, Ujerumani, kwa mita chache.

Ulisimama juu ya nguzo nne za makutano ya msalaba. Fikiria jinsi nguzo hizo zilivyoegemezwa. Upande wa mashariki lilikuwapo patakatifu lote, na matao yake yalizikaza. Kaskazini na kusini ilikuwapo mikono ya Chambiges. Magharibi hapakuwa na kitu. Ukumbi ambao ungezikaza nguzo mbili za magharibi ndio ule uliowekwa kiporo. Mnara wa katikati ya msalaba unataka kushikwa pande nne. Huu ulishikwa tatu, kisha ukapewa uzito mkubwa mno.

Mwaka 1571 waashi wa mfalme waliitwa kukagua. Walipima kwa timazi, wakakuta nguzo zimekosa wima na zinaegemea upande usio na kitu. Ushauri wao haukuwa na fumbo: jengeni nafasi za kwanza za ukumbi upande wa magharibi, zizikaze nguzo. Hakuna aliyehitaji kujua lolote kuhusu mkazo au plastiki ili kuuelewa. Makanoni waliujadili. Wakaita maoni mengine. Wakajadili tena. Uamuzi wa kuanza kazi ulipopatikana kweli ilikuwa Aprili 1573.

Tarehe 30 Aprili 1573 ilikuwa Sikukuu ya Kupaa Bwana. Waumini walikuwa wametoka kwa maandamano, kanisa likiwa karibu tupu, mnara uliposhuka na kuvunja sehemu ya madari yaliyouzunguka. Watu walisalimika. Kama ungeanguka saa moja kabla, tungekuwa na kisa kingine kabisa mikononi. Mjini husimuliwa pia kwamba vipande vilivyobaki vikining'inia hakuna fundi aliyethubutu kuvigusa, hadi mfungwa aliyehukumiwa kifo alipokubali kupanda ili apate msamaha.

Tofauti ya ajali hii na ile ya 1284 iko katika kilichofuata. Baada ya 1284 jengo lilipata nguzo mpya na likawa bora. Baada ya 1573 madari yalirekebishwa, mnara haukurudishwa, nafasi moja ya ukumbi ikaanzwa, na mwanzoni mwa karne ya 17 fedha na hamu vikaisha. Uwazi wa magharibi ukazibwa kwa ukuta uliotazamiwa kuwa wa muda. Bado uko pale. Jengo lina urefu wa mita 72 hivi kutoka mwisho hadi mwisho, ambao ni mfupi mno kwa kanisa lenye dari kwenye mita 48. Ndiyo maana ukiingia shingo inauma kabla miguu haijachoka.

Kanisa la karne ya 10, lililotakiwa kuvunjwa ili kupisha ukumbi, liliponea hapo. Sehemu yake imesimama hadi leo, likiitwa Basse-Œuvre, mojawapo ya majengo machache ya umri huo kaskazini mwa Ufaransa. Wanaohuzunika kwamba Beauvais haikumalizwa wasisahau kwamba kuimaliza kungelifuta kanisa hilo la kale.

Vyuma

Mabomu ya Wajerumani ya Juni 1940 yaliteketeza sehemu kubwa ya mji wa zamani kulizunguka kanisa, lenyewe likabaki. Lililolitikisa baadaye lilitoka kwa walinzi wake. Kati ya egemeo na egemeo, juu kabisa, vilikuwapo vyuma vya kale vilivyounganisha moja na jingine. Katika miaka ya 1960 baadhi yake viliondolewa: vilionekana kuharibu sura, na iliaminika havina kazi. Egemeo zikaanza kuyumba kwa upepo, na ikabidi kuweka vyuma vipya vya kisasa. Hivi vilifanya jengo liwe gumu kuliko lilivyokuwa, jambo ambalo nalo lina hatari yake, maana jengo refu la mawe huishi kwa kukubali kusogea kidogo. Katika miaka ya 1990 mihimili mikubwa ya mbao na chuma iliwekwa ndani, katika mkono wa kaskazini, kuzuia mwendo uliokuwa umeonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Columbia walilipima lote kwa leza ili umbo lake halisi, pamoja na kila mpindo, liweze kuchunguzwa kwa kompyuta.

Atakayepita Beauvais na kuwa na saa mbili kabla ya ndege yake asianze na saa kubwa ya nyota ya Auguste-Lucien Vérité, ingawa ina vipande 90,000 na watalii wote wako hapo. Asimame katikati ya patakatifu, ahesabu nguzo upande mmoja, na atazame ukutani moja baada ya nyingine. Nguzo moja ya mwaka 1272, inayofuata ya baada ya 1284, kisha tena ya zamani. Halafu ageuke kuelekea magharibi, aone ukuta wa muda.